Nimekubaliwa kusoma muziki wa kale Urbino, lakini nimekwama

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa muziki katika shule moja ya hapa Mombasa, mwenye umri wa miaka 34, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Mtaala wa umilisi ulipoleta rekoda madarasani, ile filimbi ya plastiki ambayo mzazi wa Kenya huinunua kisha huistahimili ikilia nyumbani kila jioni, nililazimika kuijua vizuri ili niweze kuifundisha, na kadiri nilivyoifundisha ndivyo nilivyoipenda kwa ajili yangu mwenyewe. Nilianza kutafuta muziki ulioandikwa kwa ala hiyo, nikafika Italia ya karne ya 16 na ya 17, na tangu hapo sijatoka. Watoto wakishalala, huchukua rekoda yangu ya soprano na kujaribu canzona, vipande vifupi vya ala, za mtunzi Girolamo Frescobaldi, peke yangu, bila mtu wa kunipigia sauti ya chini.

Rafiki niliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye sasa anaishi Ujerumani, ndiye aliyenieleza kwamba kila Julai, katika mji wa Urbino ulio juu ya kilima katika mkoa wa Marche nchini Italia, hufanyika kozi ya muziki wa kale ya siku zipatazo kumi. Niliomba nafasi, nikapeleka rekodi niliyojirekodi kwa simu, na nimekubaliwa. Sasa ni Februari, natakiwa kuthibitisha, na nimekwama.

Kwanza, naona haya. Naambiwa kwamba baadhi ya watakaohudhuria wametoka katika vyuo vikubwa vya muziki vya Ulaya na wana rekoda za mbao zilizotengenezwa kwa mkono. Mimi nina soprano ya plastiki na alto, yaani rekoda kubwa zaidi yenye sauti ya chini zaidi, nayo ya plastiki niliyoinunua juzijuzi, ambayo vidole vyangu bado havijaizoea, na sijawahi kusoma nota za zamani zisizo na mistari ya kugawa mapigo. Pili, mwishoni mwa Julai shule zetu huwa bado hazijafunga, na kwaya yangu, Mungu akipenda, itakuwa inajiandaa kwa ngazi ya taifa ya Tamasha la Muziki mwezi wa Agosti. Mkuu wa shule nimeogopa hata kumgusia jambo hili. Tatu, fedha. Zamu yangu ya chama itafika Aprili, na mimi na mume wangu tulikuwa tumekubaliana kwamba fedha hizo zitaezeka nyumba tunayoijenga Kilifi. Mume wangu hajanikataza. Amesema tu, "Wewe ndiye unayejua," na wewe Shangazi unafahamu uzito wa maneno hayo.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Mjomba wangu alipiga udi katika kundi la taarab ujana wake wote, na ndiye aliyenitia mapenzi ya muziki tangu nikiwa mdogo. Nilipompa habari hizi alicheka, kisha akaniambia: "Udi umo humu ndani hujaugusa, nawe unapanda ndege kwenda kufundishwa filimbi ya wafalme waliokufa?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Je, niende?

Mwalimu wa Muziki, Mombasa

---

Marahaba, mwanangu.

Nakushauri uende, kwa sharti moja la fedha nitakalolieleza mwishoni, na kwa maandalizi yanayoanza sasa hivi wala si mwezi wa Juni. Ila hofu zako umezipanga kinyume. Plastiki ya rekoda yako umeitanguliza, nayo ndiyo ndogo kuliko zote. Ruhusa ya mkuu wa shule umeitaja kwa kupita tu, nayo ndiyo inayoshikilia mengine yote.

Nasema hivyo kwa sababu huwezi kuingia Italia bila viza ya Schengen ya muda mfupi, na miongoni mwa karatasi utakazotakiwa kuonyesha ni barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba una kazi, kwamba amekuruhusu kuondoka, na kwamba anakutarajia urudi. Barua ya kozi, taarifa ya benki na uthibitisho wa malazi ni vya lazima, lakini barua hiyo ndiyo inayomwonyesha afisa kwamba una sababu ya kurejea Mombasa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15 lakini unaweza kuchukua hadi siku 45, na kiangazi cha Ulaya kikikaribia hata miadi ya kuwasilisha karatasi huwa adimu. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa viza hairudishwi. Bima ya safari ni lazima ilipie matibabu ya angalau euro 30,000, na pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya. Usikubali kununua tiketi ambayo fedha zake hazirudishwi kabla viza haijabandikwa.

Kwa hiyo mwendee mkuu wa shule mwezi huu, wala usimwendee mikono mitupu. Mpelekee jina la mwalimu mwenzako aliyekubali kuishika kwaya katika siku hizo, ratiba inayoonyesha kwamba nyimbo zote zitakuwa zimeiva kabla ya Juni kwisha, na ahadi ya maandishi kwamba ukirudi utawafundisha walimu wengine wa rekoda ulichokipata. Kwaya inayovunjika kwa sababu mwalimu wake hayupo kwa siku kumi haikuwa tayari kwa ngazi ya taifa, na nadhani moyoni unalijua hilo. Hata hivyo, ikiwa katika shule nzima hakuna mwenzako hata mmoja anayeweza kusimama mbele ya watoto hao, basi neno langu linabadilika, kwa maana watoto walioshinda ngazi za chini kwa mkono wako wana haki ya kukuona jukwaani.

Sasa tuje kwenye muziki wenyewe, ambako najua ndiko roho yako iliko.

Katika kozi za aina hii, na nimekaa katika kadhaa, wanafunzi wa vyuo vikubwa huketi pamoja na madaktari wa meno waliostaafu, walimu wa shule, waimbaji wa kwaya za makanisa na watu waliojifunza wenyewe nyumbani. Walimu wamezoea kuwagawa katika vikundi kwa kadiri ya uwezo wao. Rekoda ya plastiki haitamshangaza mtu, kwani nyingi zilizo nzuri zimeundwa kwa kuiga rekoda za mbao za karne ya 18, na katika joto la Julai plastiki haipasuki wala haihitaji kulelewa. Rekoda mpya ya mbao, kinyume chake, hupigwa dakika chache tu kwa siku katika majuma ya mwanzo, kwa hiyo usishawishike kununua moja kwa ajili ya safari hii. Ukitamani kuiona huko, utakuta baadhi zimechongwa kwa mpingo, mti uleule wa Tanzania na Msumbiji, na tangu 2019 ala iliyokwisha kutengenezwa kwa mti huo huvuka mipaka bila kibali cha mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini.

Jambo la kukagua leo jioni ni vidole. Rekoda nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa shule ni za mfumo wa Kijerumani, ambao ulizuka katika miaka ya 1920 na ambao hufanya F ya soprano iwe rahisi kwa mtoto, lakini huziharibu F kali (F♯) na nota nyingine anazozihitaji mtu mzima. Tazama matundu ya mbele kuanzia juu: ikiwa la tano ni dogo kuliko la nne, umeshika ya Kijerumani. Nyingine zina herufi G au B nyuma, karibu na tundu la kidole gumba, na unayoitaka ni B. Ikiwa soprano yako ni G, ibadilishe kabla hujafanya jambo lingine lolote, maana Urbino hakuna atakayekufundisha kwa mfumo huo.

Baada ya hapo, weka nguvu zako kwenye alto. Vidole vilevile vinavyotoa C kwenye soprano hutoa F kwenye alto, na anayepiga alto kwa kubahatisha huwa mzigo kwa kikundi chake, hata kama soprano anaipiga kwa ufasaha. Kutoka Februari hadi Julai muda unatosha kabisa kwa mtu anayefanya mazoezi nusu saa kila usiku. Waandikie waandaaji uwaulize kipimo cha sauti kitakachotumika, kwa sababu muziki wa karne ya 18 hupigwa mara nyingi kwa A ya 415, yaani mitetemo 415 kwa sekunde, ambayo iko karibu nusu toni chini ya A ya 440 ya rekoda zako, na muziki wa Venice wa mwanzo wa karne ya 17 wakati mwingine hupandishwa hadi 466. Ukijua mapema utaomba kikundi cha 440, au utanunua alto ya plastiki iliyopangwa kwa 415, kwani zipo. Usipojua utafika, ukae karibu na hapsikodi, kile kinanda cha kale cha nyuzi, iliyowekwa 415, na usiweze kupiga nota hata moja.

Kuhusu nota za zamani, hapa una mtaji ambao huujui. Wewe umefundishwa solfa, yaani do, re, mi, na unafundisha kwaya yako kwa solfa. Silabi hizo zilianza na Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11 kutoka mji ulio ng'ambo ya milima ya Apennini ukitokea Urbino, ambaye alichukua mwanzo wa kila mstari wa wimbo wa kumsifu Mtakatifu Yohane akapata ut, re, mi, fa, sol, la. Mwimbaji wa karne ya 16 hakuwa na silabi ya saba; alihama kutoka kundi moja la silabi sita kwenda jingine, na alama yake ya njia ilikuwa nusu toni iliyo kati ya mi na fa. Aliyelelewa kwa piano huhangaika sana na mwendo huo, lakini wewe ambaye do yako huhama kila ufunguo unapobadilika utauelewa siku ya kwanza. Kuna tahadhari moja. Waitalia wa leo hutumia do, re, mi kwa majina ya nota zenyewe, bila kuhama, kwa hiyo mwalimu akikuambia uanzie sol, anataka G, iwe wimbo uko katika ufunguo upi.

Mistari ya kugawa mapigo utaizoea kutokuwa nayo. Tafuta nakala za picha za machapisho ya kale, ambazo maktaba nyingi za Ulaya huziweka wazi kwenye intaneti, uchague wimbo unaoujua kwa sikio, na uufuate kwa kidole huku ukiuimba. Kinachomchosha mgeni zaidi ni funguo za C, yaani alama za mwanzoni mwa mistari zinazoonyesha C iko wapi, ambazo hupanda na kushuka kwenye mistari kufuatana na sauti, na dawa yake ni kusoma kidogo kila siku. Itakupendeza kujua kwamba Ottaviano Petrucci, aliyechapa mjini Venice mwaka 1501 kitabu cha kwanza cha nyimbo za sauti nyingi kwa herufi za chuma, alizaliwa Fossombrone, kwenye bonde lililo chini ya Urbino. Ukipata alasiri tupu, shuka ukatembee huko.

Lakini hayo yote ni maandalizi tu. Sababu ya kwenda ni ile uliyoitaja mwenyewe bila kuipa uzito: unapiga peke yako, bila mtu wa sauti ya chini. Muziki mwingi wa karne ya 16 unaopigwa kwa rekoda uliandikwa kwa watu wanne au watano wanaosikilizana, na hakuna video wala rekodi itakayokufundisha kulegeza pumzi hadi tatu yako, yaani umbali kama ule wa do hadi mi, ikae sawasawa juu ya bassi ya mwenzako. Wapigaji wengi wa wakati huo hawakugawa oktava katika nusu toni zinazolingana kama piano ya shuleni kwako. Walitaka tatu kubwa iwe safi, na wakakubali funguo nyingine ziwe chungu. Kwaya yako inapoimba bila kinanda na ghafla chumba kizima kikajaa sauti, ni tatu safi imepatikana. Siku kumi za kuitafuta makusudi, asubuhi na jioni, zitabadilisha sikio lako na hatimaye zitaibadilisha kwaya, na huo ndio msingi wa kumwombea mkuu wako ruhusa. Ukitaka cheti cha kukupandisha daraja kazini, usiende, kwa maana karatasi ya kuhudhuria haitakufanyia hivyo.

Mjomba wako anastahili jibu la heshima, tena naona amesema kweli nusu. Luti, ambayo katika Italia ya Renaissance ilitukuzwa kuliko ala nyingine zote, ilitokana na udi uliopitia Hispania ya Waarabu, na hata jina lake ni la udi. Katika chumba kidogo cha kusomea cha Federico da Montefeltro, ndani ya jumba la watawala wa Urbino, kuta zimepambwa kwa vipande vya mbao vilivyounganishwa katika miaka ya 1470 hadi vikafanya picha za vitabu, silaha na ala za muziki, na luti ni mojawapo. Mtu aliyepiga udi maisha yake yote akiambiwa kwamba anayoitazama ni jamaa ya ala yake, sidhani atasema tena habari za wafalme waliokufa kwa sauti ileile.

Nusu ya pili ya ukweli wake ni kwamba hujaketi naye. Mwaka 1535, Silvestro Ganassi alichapa Venice kitabu cha rekoda ambacho sehemu yake kubwa hufundisha namna ya kuchukua wimbo mtupu na kuujaza nota ndogondogo za papo kwa papo, na walimu wa Urbino watakuomba ufanye hivyo mbele ya wenzako. Wengi waliosoma kwa nota tangu utotoni huganda wakifika hapo. Mjomba wako amekuwa akijaza na kupamba nyimbo kwa vidole vyake tangu kabla hujazaliwa, ingawa makamu yake, yaani ngazi za sauti anazozifuata, ni tofauti na ya Waitalia na hutakiwi kuyachanganya. Mwombe akupigie wimbo mmoja mara nyingi, kila mara kwa namna nyingine, nawe umfuate kwa rekoda. Nina hakika atakubali, kwa kuwa kicheko chake kilikuwa na wivu kidogo ndani yake, na mtu mzima haoni wivu kwa kitu asichokithamini.

Safari yenyewe haina mengi. Urbino haina treni tangu 1987, kwa hiyo utashuka kituo cha Pesaro, kwenye pwani ya Adria, na kupanda basi kwa kilomita zipatazo 35. Mji uko karibu mita 450 juu ya usawa wa bahari na barabara zake ni za mawe na za mwinuko mkali. Viatu vya kisigino viache Mombasa. Kwa kuwa ni mji wa chuo kikuu, waulize waandaaji kuhusu vyumba vya wanafunzi kabla ya kufikiria hoteli.

Limebaki lile sharti la fedha. Mume wako hajakukataza, lakini amekuachia uamuzi wa jambo ambalo mlikuwa mmeshaliamua pamoja, na hilo si haki kulibeba peke yako wala kulitumia kama ruhusa. Andika kwenye karatasi moja gharama zote: ada ya kozi, malazi, chakula, nauli ya ndege, treni na basi, viza na bima. Kisha uwaulize waandaaji waziwazi kama wana nafuu ya ada kwa mwalimu anayetoka mbali. Keti na mume wako mkiwa na karatasi hiyo na makadirio ya mabati, mwangalie kama nyumba ya Kilifi inaweza kuezekwa kabla ya mvua za vuli kwa fedha nyingine, au kama kuta zitaharibika zikikaa wazi. Usikope kwenye chama wala kwa programu za simu kwa ajili ya safari hii. Hesabu ikikaa sawa, thibitisha nafasi yako na siku hiyohiyo ukamwone mkuu wa shule. Isipokaa sawa, waandikie Urbino mapema ili nafasi apewe mwingine, uwaambie kwamba utaomba tena mwaka ujao, kisha ezekeni nyumba kwanza. Kozi hiyo imekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na alto yako itakuwa imepata mwaka mzima zaidi wa mazoezi.

Shangazi